Glavu za Habibu na Salamu za Mzee Silvano

Kwa wiki nzima Habibu alikuwa akimwekea mpira wa mkojo mwanamume wa plastiki, na mwanamume yule hakulalamika hata mara moja. Hakuwa na maumivu, hakuwa na ndugu wa kuja kumwona, na la muhimu zaidi, hakusalimiana na mtu. Habibu alimpenda. Wanafunzi wenzake wa udaktari walisema ana mkono mwepesi kama fundi saa.

Mzee Silvano, mkulima wa zabibu wa Makutupora, hakuwa wa plastiki. Alifika wodini akiwa hajakojoa tangu jana, kibofu kimetuna kama kibuyu, naye akiwaita watakatifu ambao hata paroko wake huenda hawajui.

"Utaweka wewe," Dokta Restuta alimwambia Habibu. "Glavu zikichafuka, unabadilisha. Ukichafua ukaendelea kama hujaona, unarudi kwenye sanamu mpaka mwisho wa muhula."

Habibu alimweleza mzee kila atakachofanya, akapata ruhusa yake, akavuta pazia, akanawa, akavaa glavu safi bila kuzigusa kwa nje. Kisha, kama alivyolelewa kwao Kondoa, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akaitikia, akatoa mkono.

Mkono wa mzee hauachwi hewani. Habibu aliupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Ilikuwa salamu nzuri sana.

"Vua," alisema Dokta Restuta, kisha akaitwa kitanda cha jirani.

Habibu alikuwa ndiyo kwanza amevaa jozi ya pili, pazia likafunguka. Akaingia Elieza, shemeji wa Mzee Silvano, mkono umetangulia.

"Mbukwenyi!" alinguruma kwa Kigogo, kwa sauti ya kusalimia mnada mzima wa ng'ombe.

Safari hii Habibu alikuwa amejipanga. Akafanya afanyavyo mtu aliyekutwa na tonge la ugali: akakunja vidole na kutoa kifundo cha mkono. Akajiona mjanja. Elieza akakikamata kifundo, akakitikisa kwa upendo, na dole gumba lake likatua katikati ya glavu.

Dokta Restuta alikuwa amewapa mgongo. Hakuna aliyeona.

"Weka basi, dokta," mzee alilia. "Nakufa hapa."

Habibu akaitazama glavu. Dole gumba moja tu, la mtu mwenye heshima zake. Lakini mpira ule ungepita na uchafu wa dole lile hadi ndani ya kibofu.

"Dokta," aliita, "nimeguswa. Naomba jozi nyingine."

"Ameguswa yeye!" mzee akawaka. "Mimi ninayepasuka nimwite nani?"

"Glavu si karanga, Habibu," alisema Dokta Restuta, lakini akampa.

Sasa Habibu alianza upya, mikono mitupu. Akamshika mkono Elieza, akamshika mkono mzee, akauliza habari za mizabibu, mbuzi na wajukuu, na mzee akajibu zote kwa meno yaliyoumana. Elieza akatolewa nje kulinda pazia, akiwa na ruhusa ya kupokea salamu zote kwa niaba yao. Ndipo Habibu akanawa na kuvaa glavu.

Akasafisha, akaweka jeli, akausogeza mpira polepole. Mkojo ukatoka. Hakukurupuka, aliusukuma ndani zaidi kwanza, ndipo akajaza maji kwenye puto la kuuzuia usichomoke. Mfuko ukaanza kujaa, na uso wa mzee ukarudi kuwa wa binadamu.

"Mjukuu, wa wapi wewe?"

"Kondoa, mzee."

"Mrangi!" Mzee akafumba macho kama mtani aliyeshindwa. "Nyumbani tutasema alikuwa Mgogo."

Dokta Restuta akaukagua mpira, akaukagua mfuko. "Kesho kuna mama wa kuwekewa dripu pale dirishani," alimwambia Habibu. "Utaweka wewe."

"Na mimi chai, je?" mzee akauliza.

"Mpeni," alisema Dokta Restuta. "Sasa ina pa kutokea."