Suqiong, Mrusha Ribiti wa Mto Jialing

Shangazi Suqiong hakuwa shangazi yangu wa damu. Tulipakana ukuta tu, chini ya daraja, upande wa kaskazini wa mto Jialing. Lakini katika jiji zima la Chongqing hakuna aliyenilisha tambi za pilipili kama yeye, wala aliyenigombeza kama yeye.

Zamani mto huo ulivukwa kwa feri, na ukungu ukishuka feri haiondoki. Mama yake aliwahi kujifungua ukingoni, juu ya mawe, akisubiri ukungu upungue ili apelekwe hospitali ng'ambo. Kwa hiyo tangazo la vibarua wa daraja lilipobandikwa, Suqiong, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Akawekwa kwenye tanuri la ribiti, ile misumari minene ya kuunganishia vyuma, inayogongwa ingali ya moto. Aliichoma mpaka iwe nyekundu, akaishika kwa koleo na kuirusha juu, na mwanamume aliyesimama kwenye vyuma akaidaka kwa ndoo ya bati. Mdakaji huyo aliitwa Pu Dengyun: mwembamba, mdomo haufungi.

"We dada! Unanirushia mimi au unawarushia samaki?"

"Samaki wangedaka!"

Siku moja ribiti ilipita pembeni ya ndoo ikatua kwenye mkunjo wa koti lake. Moshi ukafuka. Suqiong akapanda ngazi mbio na birika la chai, akammwagia yote.

"Ulikuwa unatazama wapi, wewe?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Basi utaungua sana."

Walioana kabla daraja halijaisha. Siku ya kufunguliwa, Dengyun alimbeba mama mkwe mgongoni mpaka ng'ambo. Walipofika katikati bibi huyo alianza kulia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Waliishi chini ya daraja lao miaka thelathini. Dengyun alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, Shangazi aliendelea kuvuka kila asubuhi kwenda kununua mboga ng'ambo, ingawa soko la kwetu lilikuwa na mboga zilezile.

"Za huku zina nini?" nilimuuliza.

"Hazina daraja la kuvukia."

Kisha asubuhi moja aligonga ukuta wangu. "Njoo usikie. Daraja linakohoa."

Mimi nilisikia malori tu. Yeye akavaa viatu, akaenda ofisi ya daraja. Nikamfuata, maana nilijua mdomo wake. Tulipokelewa na Injinia Leng, kijana mwenye miwani.

"Bibi, tunavyo vyombo vya kupimia."

"Na mimi ninayo masikio. Leta nyundo ndogo."

Nadhani Leng alikubali ili tuondoke upesi. Tukapita kwenye kijia cha mafundi, Shangazi akigonga ribiti mojamoja. Ngi. Ngi. Ngi. Dup.

"Hii imekufa."

Leng akaishika kwa vidole. Ikacheza. Akatoa chaki, akaiwekea alama, na kuanzia hapo hakuwa tena na haraka ya kutuondoa. Kufikia adhuhuri alama zilikuwa kumi na moja, zote sehemu moja.

"Shangazi," akasema, sasa kwa adabu, "umejuaje pa kuanzia?"

"Hapa nilirusha mimi, akadaka mume wangu. Wiki hiyo tulikuwa tumenuniana. Kazi ya watu walionuniana utaiamini?"

Leng akashindwa kujizuia, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

Malori yalizuiwa miezi miwili, vyuma vikabadilishwa. Baada ya hapo Leng alimwomba awafundishe mafundi wake kusikiliza. Akawafundisha miaka sita, kila Jumanne, akiwaita viziwi na kuwapikia tambi, mpaka magoti yalipogoma. Siku hizi mboga za ng'ambo namletea mimi. Huzikagua jani kwa jani, halafu huniuliza nimevuka kwa miguu au kwa basi. Nikisema basi, sipewi chakula.