Kiatu cha Kushoto cha Sayaka

Shangazi yangu Kinue alishona turubai kiwandani mjini Onomichi miaka arobaini, na mpaka leo akikuona na kifungo kinaning'inia, atakikaza bila kukuuliza. Anaishi peke yake juu ya kilima, ngazi mia mbili na kitu kutoka stesheni. Ana paka, Gonta.

Sijawahi kumwelewa paka yule. Nyonga zimemchakaa, hawezi kuruka hata kwenye mto wa kukalia, kwa hiyo hubebwa hadi dirishani kama bwana mkubwa. Lakini inama tu mlangoni uvae viatu, utamsikia anavyolia. Shangazi anadai ni mwizi wa viatu pia.

Tulitoka Nagoya, mimi, mke wangu Sayaka na binti yetu Honoka, tulale kwake usiku mmoja. Kesho yake, treni ya saa tatu asubuhi ingetupeleka Miyajima kuona lango jekundu lililosimama baharini. Sayaka alikuwa ameipanga safari dakika kwa dakika.

Saa mbili tukawa mlangoni. Viatu vyetu vilikuwa vitano.

"Kiatu changu cha kushoto kiko wapi?" Sayaka aliuliza.

"Gonta huyo!" Shangazi alimkemea paka. "Mwizi wee, huna haya!"

Gonta alipiga mwayo. Tulitafuta chini ya meza, bafuni, hata kwenye vyungu vya maua. Honoka alimfuata paka akitambaa nyuma yake, lakini walizunguka tu chumba kimoja mara tatu, kisha Gonta akalala. Kichwa kilianza kuniuma. Kiatu kizima kinapoteaje katika nyumba ya vyumba viwili?

"Daiki, angalia kwenye kabati la magodoro," Sayaka aliniambia. "Treni hiyo inatuacha."

Nilivuta mlango wa kabati. Kiatu kilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, kimefungwa vizuri kwenye kipande cha turubai, kona zimekunjwa sawasawa.

Nilikitazama kiatu, nikamtazama Gonta chini sakafuni, na bado sikuelewa. Nilipogeuka nikamwona Shangazi amesimama na taulo la jikoni mkononi, ananiangalia mikono, si uso. Hapo nikaelewa, na nikaona aibu. Aibu yangu mimi, maana mara ya mwisho kuja kwake, Honoka alikuwa hajaanza kutembea.

Nilifunga kabati. "Hakipo," nikasema.

"Basi treni imeenda," Sayaka alisema, akavua soksi. "Lango lenyewe haliendi popote."

Siku hiyo tulikula mpaka tukashindwa kuinuka, na Honoka akafundishwa kushona mfuko.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wenzangu. Viatu vyote sita vilikuwa mlangoni, vimefutwa vumbi, ncha zimeelekezwa nje kama anavyofanya mwenyeji aliyekubali wageni wake waende. Gonta alikuwa amejilaza juu ya viatu hivyo. Nilisimama pale sijui nifanye nini.

Nikachomoa kiatu changu kimoja chini ya tumbo la paka, nikakisukumiza ndani ya begi.

"Shangazi!" nikaita. "Huyu Gonta wako kaanza tena!"

Jikoni bomba la maji lilifungwa.

"Mwizi huyo," alijibu, kisha nikasikia mchele ukimiminwa sufuriani, mwingi.