Mate ya Mbwa

Mbwa yule alikuwa wa baba mkwe, wala hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimlisha. Mume wangu anafanya kazi Mwanza, kwa hiyo mimi naishi Ijumbi kwa wakwe zangu, nyumba yetu ikiwa ndani ya kibanja hichohicho cha migomba na kahawa. Kwa siku mbili tulimwona mbwa amebadilika. Alikataa chakula, akawa anang'ata shina la mgomba alipofungwa, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwenye mafua.

Siku ya tatu asubuhi baba mkwe alitoka misani, akaenda kumfungua kwa kuwa alidhani kamba inamkaba. Nilikuwa napasua kuni karibu na jiko. Nilimsikia akiguna. Nilipogeuka, mbwa alikuwa amemshika mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada, na hamwachii. Nilikimbia nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote. Mbwa akamwachia, akanigeukia, kisha akaichopoa kamba mikononi mwangu na kupotelea kwenye migomba. Mikono yangu ilikuwa imelowa mate yake.

"Ni mbwa wangu," baba mkwe alisema, akiutazama mkono. "Amenishika tu." Akamwita mkewe amletee jani la tumbaku afunge.

Kwetu mke wa mtoto hampi baba mkwe maagizo. Unapiga magoti, unamsalimu, unamwita Tata, yaani baba, unampisha njia. Tangu niolewe sikuwahi kukaa naye benchi moja. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikasema, "Tata, naomba uoshe kwanza kwa maji na sabuni. Maji yawe mengi."

Mama mkwe ndiye aliyechukua jagi na kipande cha sabuni, akaanza kummiminia bila kuuliza. Kila alipotaka kuacha nilimwomba aendelee. Nami nilinawa pembeni, nikasugua mpaka mikwaruzo ya kuni niliyokuwa nayo kwenye kifundo cha mkono ikaanza kuuma.

Nilimpigia simu mume wangu, akaongea na baba yake. Niliona uso wa mzee ukikunjamana. Alinirudishia simu akisema, "Mwambie mumeo mimi si mtoto. Kidonda hiki kitakauka kabla ya Jumapili ijayo."

Akaketi kwenye kiti chake barazani. Mama mkwe alinitazama. Miguu yake inamsumbua, hawezi safari, na aliogopa kubishana na mumewe mbele yangu. Nilielewa kwamba kama sitasema mimi, hakuna atakayesema.

Mimi nimezaliwa Kimwani. Nikiwa darasa la nne, jirani yetu mmoja aling'atwa na mbwa mguuni. Mumewe alimpaka dawa ya majani. Nilimweleza baba mkwe habari hiyo nikiwa nimeinamisha macho, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Nilimweleza jinsi yule mama alivyoanza kulalamika kwamba mguu unamtekenya, halafu akashindwa kumeza maji. Mtu akileta kikombe karibu, koo lilikuwa linamkaba, anatupa mikono, anamlilia mama yake aliyekwisha kufa zamani. Tulimsikia kutoka kwetu. Waliomfikisha hospitali waliambiwa wamechelewa, kwamba ugonjwa ukishaanza hauna dawa.

Baba mkwe aliutazama tena mkono wake. Kisha akauliza, "Kidonda chake kilikuwa kikubwa?"

"Kilikuwa kimeshapona, Tata."

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani nimemkasirisha. Alitoka amevaa koti lake la kanisani.

Tulipanda pikipiki mbili mpaka Muleba, yeye mbele mimi nyuma. Kituo cha afya cha kwanza tulichofika chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imekwisha. Muuguzi aliosha jeraha tena, akapiga simu, akatuambia, "Bukoba ipo. Nendeni sasa hivi, msirudi nyumbani kujiuliza."

Basi lilikawia stendi likisubiri abiria. Baba mkwe alisimama kwenye mlango wa ofisi ya tiketi, mkono ameufunga kwa kipande cha kitenge, akiufungua na kuufunga. Tulipoondoka alikaa kiti cha mbele, nami nyuma. Nilikuwa naangalia kisogo chake. Mara kwa mara alikuwa anausugua mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila alipousugua nilikumbuka ule mguu uliotekenya, ingawa nilijua kwamba ni mapema mno.

Mimi nami nilikuwa na la kwangu ambalo sikuwa nimelisema. Nilikuwa na mimba changa. Mwaka uliotangulia iliharibika nyingine, baada ya nyumba nzima kuwa imeshafurahi, kwa hiyo safari hii nilimwambia mume wangu peke yake.

Hospitali ya Bukoba tulipokewa na daktari, dada wa umri wangu. Alimhoji baba mkwe kuhusu mbwa, amechanjwa au hajachanjwa, yuko wapi sasa. Mzee alijibu yote kwa heshima. Kisha akanionyesha kwa kidevu.

"Na huyu naye. Ndiye aliyevuta kamba. Mate yamempata, na mikono yake ina michubuko."

Sikuwa nimejua kwamba aliiona. Daktari alinishika kifundo cha mkono, akakigeuza kwenye mwanga, akasema na mimi nitachanjwa. Halafu akauliza kama anavyouliza kila mwanamke, "Una ujauzito?"

Kumtajia baba mkwe habari za tumbo langu ni jambo ambalo hata kulifikiria ni aibu. Daktari alirudia swali. Kabla sijafungua mdomo, kiti cha mzee kilikwaruza sakafu, akainuka, akatoka nje na kufunga mlango polepole.

"Ndiyo," nilisema. "Miezi mitatu. Nilipoteza nyingine. Hiyo sindano itamtoa huyu?"

"Wajawazito wanapewa chanjo hii," alisema. "Sindano siiogopi. Ninachoogopa ni wewe kuugua, maana hapo sitakuwa na la kukufanyia, wewe wala mtoto."

Nilimpa mkono achome. Baada yangu baba mkwe aliitwa, akachomwa wakati mimi nimekaa kwenye benchi nje. Yeye alichomwa pia kuzunguka jeraha lenyewe, na alipotoka midomo yake ilikuwa mikavu. Akakaa kwenye benchi nililokaa mimi, mwisho wa upande wa pili.

"Yule mama wa kwenu," aliniuliza akitazama lami, "aliacha watoto?"

"Aliacha, Tata."

Kesho yake mbwa alikutwa amekufa chini ya kahawa. Bwana mifugo alikuja amevaa glavu, akatukataza kumgusa.

Tulitakiwa kurudi kumaliza sindano zilizobaki. Siku ya safari ya pili kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, na mzee alianza kuzungumzia kazi za shamba asubuhi hiyo badala ya safari. Nilivaa nikasimama njiani mpaka akaja. Wiki moja baadaye tumbo lilinikata usiku kucha, nikalala nimeshika kitanda, nikihesabu kwamba ni kosa langu kukubali sindano. Kulipokucha maumivu yakapoa. Mtoto alizaliwa mzima, na sasa anatembea.

Baba mkwe hakuugua. Bwana mifugo alipotangaza kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule, watu walinung'unika kwamba sindano inawafanya mbwa wapole, hawabweki tena wezi wakija. Baada ya misa mzee aliomba kusema. Alieleza habari ya mbwa wake na ya mama wa Kimwani, neno kwa neno kama nilivyomsimulia mimi. Hakusema aliisikia kwa nani, na sikutegemea aseme.

Siku ya chanjo nilipita uwanjani nikienda sokoni. Hakuwa na mbwa wa kupeleka, lakini alikuwa pale tangu asubuhi, akiwashikia wenzake mbwa waliofungwa kamba za migomba, akiwakemea wasigombane.