Programu Isiyouliza

Bushiri Uledi alikuwa fundi asiyependa maswali, na kompyuta alizozishika alizifunza tabia hiyohiyo. Wenye maduka Kariakoo walimwita kila programu zao za mauzo zilipogoma kwa kukosa Java mpya na wenzake, zile programu za chini zinazozibeba nyingine. Flashi yake ilikuwa na programu ya kuziweka zote: ya Windows, ya Ubuntu, na ya Mac kwa wale wenye kujisikia. Unabofya mara moja tu, basi. Inajiweka yenyewe kimyakimya, haikuulizi kama unakubali, inafunga chochote ilichokikuta wazi, kisha inazima mashine na kuiwasha upya. Mafundi wenzake walikesha wakibofya "Endelea". Yeye alijisifu, na haki ya kujisifu alikuwa nayo.

Kwa baba yake ndiko alikokosa sifa. Siku mama yake alipozikwa, Bushiri alikuwa mtaa wa Gerezani akimalizia kazi ya tajiri mmoja, simu ameizima asisumbuliwe. Alifika kaburi limeshafukiwa. Mzee Uledi, mkaanga samaki wa Feri, alimtazama akamwambia, "Usinijie mpaka nikuite." Miaka ikapita, hakumwita. Bushiri alituma watu wamwombee msamaha, wakarudi mikono mitupu. Radhi ni bora kuliko mali, wanasema watu, na yeye mali alikuwa ameshaanza kuipata. Mzee alipoanza kuugua kifua, Bushiri akaogopa hasa.

Alasiri moja alipita kwa Tatu, mwenye steshenari yenye kipaza sauti cha kurekodia matangazo ya wafanyabiashara. Tatu alikuwa amekwisha kumwambia apite siku yoyote kuitengeneza kompyuta yake. Bushiri alipenda kufanya kazi baada ya adhana: wenyewe wanakwenda kuswali, mashine zinabaki wazi, hakuna wa kumsumbua. Swala yake ataikidhi baadaye. Tatu alikuwa chumba cha nyuma, kwenye mswala. Kiti cha mbele ya kipaza sauti kilinuka samaki wa kukaanga. Bushiri akakisogeza, akachomeka flashi, akabofya. Mashine ikazimika, ikawaka, naye akaenda zake duka la pili.

Haikupita wiki, Mzee Uledi akafariki. Bushiri alizika safari hii, tena alishuka mwenyewe kaburini. Msibani Tatu akamfuata.

"Pole sana, kaka Bushiri. Kumbe yule mzee ni baba yako! Alikuja dukani kurekodi. Alisema ana maneno ya kumwambia mwanawe, hawezi kumwambia uso kwa uso."

Bushiri akamkatiza. "Alisemaje?"

"Aliniomba nitoke, nikatoka. Akaongea weee, mpaka adhana. Nikamwambia akaswali, akirudi tumalizie ndiyo nihifadhi. Kurudi, hakuna kitu! Mashine kama imeoshwa." Tatu akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nikamsihi aanze upya. Akasema pumzi hana tena, labda Mungu hakutaka."



"Hivi fundi," Tatu akauliza, "mashine inaweza kujizima hivihivi, bila hata kuuliza?"

"Inaweza," akasema.

Flashi ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake. Iwe ilikuwa radhi, iwe ilikuwa laana, aliifuta kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mtu duniani aliyeisikia.