Nilimficha daktari kupe wa Bosi

Heshima kwenu wakuu. Hili hata kanisani sijawahi kulitaja, na sitaongeza chumvi.

Shule niliishia la tatu. Nimechunga ng'ombe Shinyanga, nikaja Brussels kubeba zege, leo nina nyumba yangu Auderghem, huku huku Brussels, pembeni ya msitu. Sikubebwa na mtu. Nasema hivi mjue kichwa changu kilivyo kigumu.

2014 mke wangu alifariki, akaniachia mbwa wake, Bosi. Tukabaki wawili ndani ya nyumba. Kila asubuhi msituni, yeye mbele, mimi nyuma, utadhani yeye ndiye ananichunga.

Binti yangu Neema akaleta kola ya dawa ya kupe, ya kumfunga Bosi shingoni.

"Baba, mvalishe. Msitu huu una kupe wabaya."

"Wewe uliyezaliwa hapa mjini, Etterbeek, ndiyo unifundishe mimi kupe?"

"Wa huku wana ugonjwa, baba. Unaitwa Lyme."

"Kupe ni kupe!"

Kola nikaitupia kwenye droo.

Mwezi wa tano nikamkuta Bosi na kupe watatu nyuma ya sikio, wamevimba kama mbegu za mbarika. Nikawapaka mafuta ya taa, nikawang'oa kwa kucha, kama nyumbani. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa nane akaanza kuchechemea. Leo mguu wa mbele, keshokutwa wa nyuma. Nikamwambia, "Unadeka wewe." Nikawa namkanda na maji ya chumvi.

Neema akatuburuta wote wawili kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole. Akauliza, "Amewahi kuwa na kupe?"

Sasa wakuu, kwetu mfugo ukijaa kupe aibu ni ya mchungaji. Unaitwa mvivu mbele za watu.

Nikajibu, "Hapana. Mbwa wangu ni msafi."

Basi tukapewa dawa ya maumivu, tukarudi.

Baada ya wiki tatu Bosi hali kitu. Anakunywa maji tu, anakojoa sebuleni, halafu anainamisha kichwa kama mkosaji. Mkosaji alikuwa mimi.

Tukarudi, wakampima damu. Ni Lyme, na imeshafika kwenye figo. Hapo ndipo nikawataja wale kupe watatu.

Daktari hakufoka. "Ungeniambia siku ile, ningempima siku ile."

Bora angenitukana.

Bosi alikufa Alhamisi, kichwa kakilaza juu ya kiatu changu cha kazi. Neema akafungua droo kutafuta kitambaa cha kumfunika, akakutana na kola, bado iko kwenye pakiti yake. Akaniangalia. Akafunga droo taratibu.

Mtoto yule ana mdomo, wakuu. Siku ile alivua mtandio wake, akamfunika Bosi.

Nimejenga nyumba kwa mikono hii, lakini neno moja, "ndiyo, alikuwa nao", lilinishinda kutamka. Daktari akikuuliza, jibu. Aibu haiui, kuficha kunaua.

Mwenye mbwa amkague leo nyuma ya masikio, aje aseme amekuta nini. Wenye kunisema, semeni. Nasoma yote.