Kadi ya Mwisho Kisandukuni

Wiki iliyopita nilifungua kisanduku cha kadi alichoacha babu, nikawa kama nasikia tena harufu ya miwa inayoungua.

Babu alikuwa mkutubi mstaafu. Ujanani alikuwa pia afisa wa akiba wa jeshi la wanamaji, jambo ambalo sisi wajukuu hatukuliamini, maana kwetu Matungu hakuna bahari. Alituwekea kila mmoja kadi ya kuazima vitabu vyake.

Alasiri moja nikiwa mdogo, moto ulishika miwa ya jirani na moshi ukajaa uani. Babu alituita ndani akisoma majina yetu kwenye kadi, mmoja mmoja. Mimi nilidhani ni mchezo, nikabaki nimejificha kwenye ghala la mahindi, nikicheka na mkono mdomoni.

“Zaitun. Zaitun, mama, itika.”

Sikuitika. Nilimsikia nyanya akimsihi afunge mlango, moshi unawaumiza watoto. Kisha nikasikia kikohozi cha babu kikikaribia.

Nilingoja kuchapwa. Babu aliketi chini palepale kwenye magunzi, kadi yangu mkononi.

“Sikufunga mlango,” akaniambia. “Umesikia? Mara hii sikufunga.”

Nilifikiri anajitetea kwa nyanya.

Kisandukuni, nyuma ya kadi zetu, nimekuta moja ya mwanamume nisiyemjua. Mahali pa jina la kitabu babu ameandika: chumba cha injini cha meli, moto, mlango umefungwa. Mahali pa tarehe ya kurudi hakuandika kitu.