Dagaa Wasiokauka

Jumanne nilikuwa ofisi ya chama cha wauza dagaa, mwaloni hapa Musoma, wanakoshushia samaki, nikisubiri mhuri wa kibali changu. Dada anayewatengenezea programu ya kurekodi mizigo alikuwa ameikodolea macho kompyuta. Programu yake ilikuwa inagoma kila mzigo wa asubuhi ukipimwa tena jioni, eti uzito haulingani. Akili mnemba anayoitumia ilikuwa imemwandikia marekebisho, na sasa programu haigomi tena.

"Pitisha basi," msimamizi akamwambia. "Kosa si limeisha?"

"Sipitishi kitu sijakisoma, kaka."

Akasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Kisha akamgeukia mama aliyekuwa anaingia na ndoo, magamba yamemganda mikononi.

"Mama, dagaa ukiwaanika, jioni uzito unabakiaga uleule?"

Mama alicheka mpaka akatua ndoo chini. "We mwanangu! Si wanakaukaga? Uzito usipopungua, ujue umeanika mawe."

Dada akamgeuzia msimamizi kompyuta. "Umeona? Hii akili mnemba imechukua uzito wa asubuhi ikaubandika kwenye wa jioni. Kosa lipo palepale, limezibwa mdomo tu." Akayakataa marekebisho, akamvutia mama kiti, wakaanza upya wote wawili.

Mhuri niliupata saa tisa, na sikununa. Nilichojiuliza njiani ni kimoja: hii tabia ya kumnyamazisha anayelalamika, halafu kutangaza kwamba tatizo limekwisha, mashine imejifunzia wapi kama si maofisini kwetu?